Jinsi ya kujua kazi ni ya nani kabla hujamwita mtu mwizi

Kila wiki lazima ukutane na ugomvi wa aina hii, mmoja anasema umeniibia mdundo wangu, mwingine anasema hiyo picha nimechora mimi we umebadilisha rangi tu, mwingine katafsiri shairi la marehemu flani kaweka jina lake juu bila aibu, na wote wana hasira na kila mtu ana uhakika yuko sahihi. Mimi ugomvi kama huu naupenda (nisameheni), na baada ya kuufuatilia muda mrefu nimeona watu wanavutana kwa neno moja tu, "yangu", wakati ndani ya hilo neno kuna vitu kadhaa vilivyozaliwa miaka tofauti na mahali tofauti, tena mara nyingi kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na kumtetea msanii.

Ukijua kila kimoja kiliingia lini na nani alikileta, unaweza kuukalia ugomvi wowote ukauchambua kama mchele. Kwa hiyo huu ni mwongozo wa maswali ya kuuliza na kwa nini uyaulize kwa mpangilio huo. Sio ushauri wa kisheria, ukiwa na kesi ya kweli tafuta wakili wa nchi yako maana sheria zinatofautiana, ila ukienda kwa wakili ukiwa umeshajiuliza haya angalau utajua unalia nini.

Anza hapa: mnagombania kitu, nakala au jina?

Watu wengi wanapotea mapema kwenye hili. Ukinunua mchoro ukautundika ukutani, kitu ni chako. Haki ya kuutoa nakala elfu moja kwenye fulana sio yako, hiyo imebaki kwa aliyechora isipokuwa kama mliandikishana. Na jina la aliyechora haliwi lako hata ulipe bilioni. Vitu vitatu hivyo, kitu, nakala, jina. Leo tunaviona vimekaa pamoja kama mafiga ila kwa karne nyingi sana figa la pili halikuwepo kabisa.

Chukua Roma ya karne ya 1. Mshairi Martial alikuwa anasumbuliwa na jamaa anaitwa Fidentinus ambaye alikuwa anasoma mashairi ya Martial mbele za watu kama ya kwake. Sheria ya kumshika nayo hakuna, kwa hiyo Martial akafanya anachokiweza mshairi, akamtungia mashairi ya kumchamba. Kwenye moja anamwambia ukitaka mashairi yaitwe yangu nitakutumia bure, ukitaka yaitwe yako basi yanunue. Kwenye lingine anasema anayetaka sifa kwa kazi ya mwenzake asinunue kitabu, anunue ukimya. Na ni yeye Martial aliyechukua neno plagiarius, ambalo kwa Warumi lilikuwa la mtu anayeiba watumwa au kuteka watu huru, akalibandika kwa mwizi wa mashairi, na lugha nyingi za Ulaya mpaka leo zinatumia hilohilo kwa mtu anayejipa kazi ya mwingine.

Sasa angalia alichokuwa anakilalamikia. Sio nakala. Kunakiliwa alikuwa anakutaka, maana vitabu vilinakiliwa kwa mkono na bila hivyo hakuna ambaye angemjua nje ya mtaa wake. Alilalamikia jina. Kwa hiyo mtu akikwambia "wizi wa kazi ni wa tangu zamani" ni kweli nusu, wizi wa jina ndo wa zamani, wizi wa nakala ni mambo ya juzijuzi.

Na hata jina lenyewe halikuwa na uzito sawa kila mahali. Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale, anasema yeye anapokea na kupitisha, habuni. Washairi wa Uajemi walikuwa wanalisuka jina lao ndani ya beti ya mwisho ya ghazali, yaani sahihi iko ndani ya shairi, ukilinakili umelinakili na jina, ujanja mtupu. Huko Ulaya karne ya 13 mtawa Bonaventure aliwapanga watu wanaotengeneza vitabu mafungu manne: anayenakili ya wengine bila kuongeza kitu, anayekusanya ya wengine, anayenakili ya wengine na kuongeza maelezo yake, na anayeandika yake huku akiweka ya wengine ili kuyatia nguvu ya kwake. Huyo wa nne ndo mtunzi. Umeona? Hata mtunzi kamili, kwenye hesabu yake, anaandika na ya wengine ndani. Fungu la tano, la mtu anayeandika kila kitu kutoka kichwani mwake peke yake, hakuliweka.

Kwa upande wa wachoraji ndo usiseme. Neno letu sanaa limetoka Kiarabu na asili yake ni kutengeneza, kazi ya mkono, na ars ya Kilatini na techne ya Kigiriki zilikuwa hivyohivyo, ufundi. Msanii alikuwa fundi. Kule Florence wachoraji walikuwa chini ya chama kimoja na madaktari na wauza dawa, eti kwa sababu rangi zilikuwa zinanunuliwa kwa wauza dawa. Na mikataba yao ukiisoma utacheka, mwaka 1485 mchoraji Ghirlandaio aliandikishana na hospitali ya watoto walioachwa pale Florence amchoree picha ya madhabahuni, na mkataba unasema rangi ya bluu iwe ile ya gharama, ya thamani ya kama florini 4 kwa aunsi. Mteja analinda bluu! Haki za picha kunakiliwa hazitajwi, na mchoraji mwenyewe wala hakuwa na wazo la kuzidai, kama ambavyo seremala hadai kitu kila ukikalia kiti.

Kwa hiyo kabla hujaendelea, andika kabisa kwenye karatasi: kimechukuliwa kitu, nakala au jina? Ukishindwa kujibu hilo usiendelee.

Halafu uliza: mwaka gani, na nani alikuwa amekaa mlangoni?

Nakala haikuwa na thamani mpaka ilipokuwa rahisi kuitoa. Gutenberg alipopata mashine yake pale Mainz kwenye miaka ya 1450 shida mpya ikazaliwa: mchapaji anatoa hela nyingi kupanga herufi, kununua karatasi, kusahihisha, halafu mchapaji wa mtaa wa pili anachukua kitabu kilekile anakichapa kwa bei ya chini maana yeye kusahihisha hakukumgharimu. Aliyelia kwanza ni mchapaji. Hili lishike vizuri, maana ukisikia mtu anasema hakimiliki iliundwa kumlinda mtunzi mwambie akae chini kwanza.

Venice mwaka 1469 ilimpa mchapaji mmoja Mjerumani, Johannes wa Speyer, ukiritimba wa kuchapa vitabu mjini humo kwa miaka 5. Bahati yake mbaya (au ya wenzake) alifariki muda mfupi baadaye na ukiritimba ukafa naye, na Venice ikajaa wachapaji. Mwaka 1486 mji huohuo ukampa mwanahistoria Sabellico uamuzi wa nani atachapa historia yake ya Venice, na hii mara nyingi inahesabiwa ndo mara ya kwanza tunayoijua kwa mtunzi mwenyewe kupewa kibali kama hicho. Ila ni kibali, hisani ya serikali kwa mtu mmoja kwa kitabu kimoja. Haki ni kitu unachoweza kudai, kibali unaomba.

Uingereza ndo ilipikwa vizuri zaidi. Mwaka 1557 Malkia Mary alikipa chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London hati ya kifalme, mpango ukiwa hivi, nyie mtanisaidia kuzuia vitabu vya uchochezi, mimi nitawaachia biashara. Mwanachama akiandikisha kitabu kwenye daftari la chama, kitabu ni chake, milele, anaweza kumuuzia mwenzake au kukirithisha. Mtunzi yuko wapi hapo? Hayupo. Anauza karatasi zake mara moja, anaaga. Mshairi John Milton mwaka 1667 aliuza utenzi wake mkubwa kuliko yote kwa pauni 5 mkononi, na pauni 5 nyingine kila toleo la nakala 1,300 likiisha, kwa matoleo matatu ya mwanzo. Mpaka anakufa alikuwa amepata pauni 10. Mjane wake akaja kuuza kilichobaki kwa pauni 8. Mtu akikulalamikia mikataba ya wasanii leo msimulie hii, haitamfariji ila atajua hayuko peke yake.

Basi sheria ya kudhibiti uchapaji ikafa mwaka 1695, wabunge wakakataa kuirefusha, na wauza vitabu wa London wakabaki uchi. Wakaenda bungeni kulia tena na tena bila mafanikio, mpaka wakabadilisha wimbo, badala ya kusema "biashara yetu inakufa" wakaanza kusema jamani, watunzi na familia zao wanaangamia. Na hiyo ndo ikasaidia kuleta sheria ya mwaka 1710, ile inayoitwa Sheria ya Malkia Anne, ya kwanza kumtaja mtunzi kama mwenye haki: miaka 14, na akiwa hai miaka hiyo ikiisha anapata 14 mingine. Vitabu vilivyokuwepo tayari vikapewa miaka 21. Kwa mawazo yangu huyo mtunzi aliingia kwenye sheria kama mtoto anayebebwa na mama ombaomba, yaani amebebwa ili watu waone huruma, hela anashika mwingine. Ila mtoto akishaingia ndani ya nyumba huwezi kumtoa tena, na ndo ilivyokuwa.

Maana wauza vitabu wakubwa hawakukubali kwamba miaka inaisha. Wakasema mtunzi ana haki ya asili isiyo na mwisho, na kwa kuwa tulinunua kwake basi na sisi tunayo milele. Mwaka 1769 mahakama iliwakubalia. Mwaka 1774, kesi ya Donaldson, muuza vitabu kutoka Scotland aliyekuwa anachapa kwa bei ya chini vitabu vilivyoisha muda, ikafika Baraza la Malodi, ambalo ndo lilikuwa mahakama ya mwisho, wakapiga kura, wakakataa umilele. Siku hiyo ndo ukawekwa msingi wa kile tunachokiita leo mali ya umma, kazi ambayo muda wake umekwisha na yeyote anaweza kuichapa, kuiimba, kuitafsiri, bila kuomba ruhusa.

Kuna kisa cha mchoraji nakipenda kuliko vyote maana kinaonyesha mafiga yote matatu kwa pamoja. Albrecht Dürer wa Nürnberg alikuwa anachonga picha kwenye mbao na kuzichapa, na zina alama yake maarufu, herufi A kubwa na D ndani yake. Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1550 na tena 1568, anasimulia kwamba Marcantonio Raimondi alizinakili picha hizo Italia pamoja na alama, Dürer akaenda kulalamika Venice, na alichopata ni kwamba Marcantonio asiweke tena ile alama. Picha yenyewe? Endelea tu kunakili. Ukisema Vasari alipenda kunogesha hadithi sikatai, lakini mwaka 1512 baraza la mji wa Nürnberg lilitoa uamuzi wa namna hiyohiyo kwa mtu aliyekuwa anauza picha zenye alama ya Dürer pale kwenye jumba la mji: ondoa alama la sivyo tunazichukua. Na mwaka 1511 Dürer mwenyewe alikuwa ameshachapa onyo mwishoni mwa picha zake, anawaambia wanaovizia na kuiba kazi na akili za wengine wakome, na kwamba ana kibali cha mfalme Maximilian. Kwa hiyo mtu mmoja ndani ya miaka michache: jina linalindwa na mji, nakala inalindwa kwa hisani ya mfalme tu. Mchoraji alikuja kupata sheria ya nakala Uingereza mwaka 1735, William Hogarth alipopigania wachora picha za kuchapa wapewe miaka 14, na mjanja yule akasubiri sheria ianze kazi ndipo akatoa picha zake mpya.

Kwa nini nimekaa sana hapa? Kwa sababu swali la "nani amekaa mlangoni" ndo linafungua ugomvi mwingi. Ukiona mtu anapiga kelele kumtetea msanii, angalia anauza nini. Inawezekana anamtetea kweli, inawezekana kambeba kama wale wa 1710. Soma mkataba, tafuta nani ameshika nakala, sio nani ametajwa kwenye jalada.

Kilichochukuliwa ni shanga au ni mtungo?

Hapa lugha yetu inatubeba. Kutunga ni kutunga shairi na pia ni kutunga shanga kwenye uzi. Shanga hukuzitengeneza we. Umezikuta. Kilicho chako ni mtungo, umeanza na nyekundu ukaweka nyeupe mbili ukarudia. Mwenzako akichukua shanga zilezile akatunga kwa mpangilio wake hajakuibia, akichukua mtungo wako mzima akabadilisha uzi tu, hapo tunazungumza.

Wajerumani walilifikia hili kwa njia ndefu kidogo. Nchi yao karne ya 18 ilikuwa vipande vingi, kila kipande na mtawala wake, kitabu kilichochapwa Leipzig kingeweza kuchapwa tena Vienna bila kosa lolote na watawala wengine walikuwa wanafurahia kabisa. Watunzi na wachapaji wakalalamika, wapinzani wakawajibu, nimenunua kitabu, ni changu, kwa nini nisikichape? Mwanafalsafa Kant akaingia mwaka 1785 akasema kitabu ni kitu lakini pia ni hotuba ya mtu kwa watu, na anayekichapa bila ruhusa anamsemea mtu aliyekuwa hajamtuma. Kisha mwanafalsafa mwenzake Fichte mwaka 1793 akakata vizuri zaidi: ukinunua kitabu karatasi ni zako, mawazo ukiyasoma ukayaelewa ni yako na yake pamoja, lakini namna alivyoyapanga na kuyasema hayo mawazo haiwezi kuwa ya mtu mwingine kamwe maana hakuna anayefikiri kwa namna ileile. Karatasi, shanga, mtungo. Mpaka leo sheria za dunia nzima zinasimama hapo, wazo ni la wote, namna ya kulieleza ina mwenyewe.

Enzi hizohizo ndo pia neno sanaa lilipopanda cheo. Mwaka 1746 Mfaransa Batteux alikusanya muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na dansi kwenye fungu moja la sanaa za uzuri, tofauti na ufundi wa kutengeneza vitu vya kutumia. Mwaka 1759 Mwingereza Edward Young akaandika kusifia utunzi wa asili, ule unaoota wenyewe kama mmea badala ya kutengenezwa kwa malighafi za wengine. Ndo ile picha ya msanii mwenye kipaji peke yake chumbani usiku. Nzuri, ila ina miaka kama 260 tu na watu wanaiongelea kama iliumbwa pamoja na Adamu.

Jinsi ya kulitumia swali hili: weka kazi mbili pembeni kwa pembeni, futa kwa kalamu kila kitu ambacho kipo pia kwenye kazi nyingine mia za aina hiyo (mapenzi yaliyokataliwa, maskini anayetajirika, milio minne ya gitaa inayotumika na kila mtu), kinachobaki ndo mtungo. Kama baada ya kufuta hamna kilichobaki, hamna kesi. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1880 ilisema mtu aliyeandika kitabu cha kufundisha mfumo wake wa mahesabu ana haki kwenye kitabu sio kwenye mfumo, na mwaka 1991 ikasema orodha ya majina na namba za simu iliyopangwa kwa alfabeti haina mtungo wowote, hata kama mtu katoka jasho kuikusanya. Jasho peke yake halitoshi. Hili linawauma watu sana najua.

Na tafadhali usichanganye hakimiliki na hataza. Hataza ni ya uvumbuzi, kifaa au mbinu, ina njia yake tofauti, Florence ilimpa Brunelleschi miaka 3 mwaka 1421 kwa ajili ya boti ya kubeba mizigo mizito kwenye mto Arno (ilikuja kuzama na marumaru yake, pole yake), na Venice ikatunga sheria kamili ya wavumbuzi mwaka 1474, miaka 10. Mtu akikwambia amepata hakimiliki ya wazo la biashara, cheka taratibu.

Nani alifanya maamuzi?

Swali hili linaonekana jepesi mpaka mashine iingie. Zamani lilihusu wanafunzi wa karakana. Mchoraji Rubens mwaka 1618 alimwandikia balozi mmoja wa Uingereza orodha ya picha za kuuza na akasema wazi, hii yote kwa mkono wangu, hii ameianza mwanafunzi nikaimalizia mimi, na bei inafuata hivyo. Uaminifu wa hali ya juu, laiti wote wangekuwa hivyo.

Kamera ilipokuja watu wakasema mashine imechora, mtu kabonyeza tu. Mwaka 1884 kesi ya mpiga picha Sarony aliyempiga picha mwandishi Oscar Wilde ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, kampuni moja ilikuwa imeinakili ikijitetea kwamba picha haina mtunzi. Mahakama ikasema huyu ndiye aliyemkalisha mtu, akachagua nguo, mapazia, mwanga na kivuli, akaamua na sura ioneshe nini, kwa hiyo ni mtunzi. Kubonyeza sio hoja. Maamuzi ndo hoja.

Mwaka 1926 sanamu ya mchongaji Brancusi, shaba iliyong'arishwa inayopanda juu kama ndege anayeruka ila haina bawa wala mdomo, ilifika Marekani na watu wa forodha wakaitoza kodi ya asilimia 40 kwenye fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, maana sanamu za sanaa zilikuwa zinaingia bure na wao hawakuona ndege. Kesi ikaisha mwaka 1928, hakimu akakubali kwamba kuna sanaa mpya isiyofanana na vitu na hii ni mojawapo. Kwa hiyo usitumie "haifanani na kitu" au "hata mtoto wangu anaweza" kama hoja ya kwamba kazi haina mwenyewe.

Halafu yule nyani wa Indonesia aliyejipiga picha na kamera ya mtu mwaka 2011, mahakama ya rufaa Marekani mwaka 2018 ikasema mnyama hawezi kushtaki kwa sheria ya hakimiliki. Na akili mnemba ndo ugomvi wa sasa hivi. Mahakama ya Washington mwaka 2023 ilisema picha ambayo mwombaji mwenyewe kaandika kwamba imetengenezwa na mashine bila mtu haina hakimiliki, rufaa mwaka 2025 ikakubaliana. Mwaka huohuo wa 2023 mahakama ya Beijing inayoshughulikia mambo ya intaneti ikamkubalia mtu aliyetengeneza picha kwa akili mnemba, kwa sababu alionyesha jinsi alivyochagua maneno na kurekebisha mara kwa mara. Ukizisoma vizuri hazipingani sana kama watu wanavyodhani, zote zinauliza swali la Sarony, maamuzi yako wapi? Kwa hiyo ukitumia hizo programu tunza rasimu zako zote, maelekezo uliyoandika, ulivyokataa, ulivyorekebisha kwa mkono.

Piga hesabu ya muda

Haraka haraka hapa. Ufaransa mwaka 1793 ilitoa haki maisha yote ya mtunzi na miaka 10 baada ya kifo, Prussia mwaka 1837 miaka 30 baada ya kifo, na Mkataba wa Bern wa 1886 (makubaliano ya nchi kulindiana kazi za watunzi wao) ulipozidi kurekebishwa ukafika kima cha chini cha miaka 50 baada ya kifo kwa kazi nyingi. Leo Ulaya ni 70, Marekani pia kwa kazi mpya, Mexico 100. Tafuta mtunzi alikufa mwaka gani, tafuta nchi unayotaka kuitumia kazi inahesabu ngapi, jumlisha, nenda mpaka mwisho wa mwaka huo. Tafsiri na rekodi zina hesabu yake, shairi linaweza kuwa la miaka 400 lakini tafsiri yake ni ya mtu aliye hai, wengi wananaswa hapo.

Na kuwa mpole ukiwahukumu watu wa zamani. Marekani kwa miaka mia moja, kuanzia sheria yake ya 1790 mpaka 1891, haikulinda kazi za watunzi wa nje, wachapaji wake wakanakili vitabu vya Waingereza watakavyo, mwandishi wao Dickens alienda huko Marekani mwaka 1842 akalalamika na magazeti yakamshambulia. Hao haohao leo ndo wanaofundisha wengine maadili ya kutonakili. Mkataba wenyewe wa Bern Wamarekani walijiunga nao mwaka 1989.

Muda umeisha, je jina?

Turudi kwa Martial. Mwaka 1928 Mkataba wa Bern uliongezewa kifungu kinachosema hata ukiuza haki zako zote za hela bado una haki ya kutajwa kama mtunzi na kukataa kazi yako iharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima. Ufaransa haki hiyo haina mwisho. Kwingine ni fupi au dhaifu. Kwa vyovyote, kazi ikishakuwa mali ya umma unaruhusiwa kuichapa na kuiuza, haujaruhusiwa kusema umeitunga, kama sheria haikubani basi watu watakuchamba, na hiyo njia inafanya kazi tangu Roma.

Kuna sehemu moja maswali haya yote yanakwama, nayo ni kazi ya ukoo au jamii. Sheria imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja mwenye tarehe ya kufa, jamii haifi. Kwa hesabu ya kawaida michoro na nyimbo zao zote zinaonekana mali ya umma, yeyote achukue. Australia mwaka 1998, kwenye kesi ya mchoraji Bulun Bulun ambaye mchoro wake wenye mambo matakatifu ya ukoo wake wa Ganalbingu ulichapwa kwenye vitambaa, mahakama ilikataa kuupa ukoo umiliki wa hakimiliki, ila ikasema mchoraji ana wajibu kwa ukoo wake, kuitumia haki yake kwa namna isiyowadhuru. Kwa hiyo ukitumia kazi ya jamii, swali la nani alikufa lini halikusaidii, uliza nani amekabidhiwa kuitunza, na kama kuna sehemu ambazo hata wao hawazioneshi hadharani.

Tujaribu mmoja

Jamaa kapiga picha sanamu ya mchongaji aliyekufa miaka 30 iliyopita. Dada mmoja kaiona picha, kaichora kwa mkono, kabadilisha mandhari. Kampuni kauchukua mchoro wa dada kaupitisha kwenye akili mnemba, kapata kitu kipya, kaweka kwenye jalada la kitabu bila jina la mtu. Nani kaibiwa?

Kitu hakijaguswa, sanamu iko palepale. Nakala: warithi wa mchongaji bado wana miaka, kwa hiyo wao wa kwanza, japo nchi nyingine zinaruhusu kupiga picha sanamu zilizo hadharani na nyingine hapana, cheki hilo. Mpiga picha: futa vya kawaida, angalia kama dada kachukua sanamu tu (shanga, sio za mpiga picha) au kachukua pembe ileile, mwanga uleule na kivuli kilekile (mtungo, anadaiwa). Dada: mandhari ni yake, angalia kama bado yanaonekana kwenye jalada. Kampuni: inadai kazi ni yake, iulize maamuzi yako wapi, ilete rasimu. Jina: watu watatu wamefutwa, na hapo hata asiposhtaki mtu, kila mmoja wao ana la kusema. Halafu soma mkataba wa dada, maana inawezekana aliuza haki zote miaka miwili iliyopita kwa karatasi aliyosaini bila kuisoma, na anayepaswa kulalamika nakala ni mwingine kabisa ambaye hatujamsikia akisema kitu.